Wasomaji Wanauliza: Kwa Nini Wataalamu wa Afya ya Jamii Hukosea Sayansi Inapokuwa Haijatoa Jibu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi na pia ni mzazi. Wakati wa janga la UVIKO-19 tuliambiwa kwamba mtu mwenye afya hana haja ya kuvaa barakoa, na baada ya miezi michache tukaambiwa kila mtu avae. Tuliambiwa virusi hivyo havisambai kwa njia ya hewa, kisha tukahimizwa kufungua madirisha. Ndugu zangu huniuliza kama wataalamu walikuwa wakidanganya au hawakujua kitu. Siamini lolote kati ya hayo mawili, lakini sina jibu la kuwapa. Kwa nini watu waliosoma kiasi hicho hukosea, tena kwa kujiamini?

JIBU: Ndugu msomaji, una haki ya kuyakataa majibu yote mawili. Wengi waliokosea mwaka 2020 walijua mengi, ila walichokijua kilihusu magonjwa mengine. Ugonjwa mpya unapozuka hakuna tafiti zake, na uamuzi hauwezi kungoja tafiti hizo zikamilike, kwa hiyo mtaalamu huazima maarifa kutoka kwenye ugonjwa anaoufahamu. Safari hii yaliazimwa kutoka kwenye homa ya mafua na kutoka kwenye SARS, ugonjwa mkali wa mapafu wa miaka ya 2002 na 2003. Wagonjwa wa SARS waliambukiza zaidi siku kadhaa baada ya dalili kujitokeza, na ndiyo sababu kuwatafuta na kuwatenga wenye homa kulisaidia mno kuuzima ugonjwa huo ukiwa umeua watu wasiofika 800 duniani. Kama virusi vipya vingekuwa na tabia hiyo, ushauri wa kwamba barakoa avae mgonjwa na anayemhudumia ungetosha. Havikuwa nayo. Mtu aliweza kuambukiza kabla hajahisi chochote, na kufikia wakati jambo hilo lilipokubalika, ushauri wa awali ulikuwa umekwisha kuenea kote. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilibadili msimamo tarehe 3 Aprili 2020, na Shirika la Afya Duniani tarehe 5 Juni 2020.

Suala la hewa lina mizizi mirefu zaidi, na naomba unistahimili nilieleze kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu lako. Katika karne ya 19 wakuu wa afya walisadiki kwamba kipindupindu na maradhi mengine huletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye uozo. Kwa kusadiki hivyo, walioongoza usafi wa jiji la London waliharakisha kuondoa uchafu majumbani na kuumwaga katika mto Thames, wakati sehemu ya wakazi wa jiji hilo ilikuwa ikinywa maji ya mto huohuo. John Snow, daktari wa jijini humo, alipoonyesha mwaka 1854 kwamba vifo vya kipindupindu vya mtaa wa Broad vilizunguka bomba moja la maji, Bodi ya Afya haikumkubali. Nadharia ya vijidudu iliposhinda hatimaye, ilishinda kwa kuipiga vita dhana ya hewa. Charles Chapin, aliyekuwa mkuu wa afya wa mji wa Providence nchini Marekani, aliandika mwaka 1910 kwamba maradhi mengi huenezwa kwa kugusana na kwa matone ya karibu, na kwamba uambukizo wa kupitia hewa ni jambo la kutiliwa mashaka. Kwa magonjwa mengi alikuwa sahihi, na kazi yake iliokoa watu. Hata hivyo iliacha desturi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 100: anayedai kwamba ugonjwa husambaa kwa hewa ndiye atakiwaye kuthibitisha, na anayekana hatakiwi kuthibitisha chochote.

Desturi hiyo ndiyo iliyosema tarehe 28 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipoutangazia umma kwamba ni ukweli kuwa UVIKO-19 hausambai kwa hewa. Ushahidi wa wakati huo haukuweza kubeba neno zito kama hilo. Lililojulikana ni kwamba usambaaji wa hewani ulikuwa haujathibitishwa, na njiani, kutoka kwa wanasayansi kwenda kwa umma, maneno "haijathibitishwa" yakageuka kuwa "si kweli". Mwezi Julai mwaka huo wanasayansi 239 walitia saini barua ya wazi wakiomba hatari ya hewa itambuliwe. Miongoni mwao walikuwamo wanafizikia na wahandisi waliotumia maisha yao kupima jinsi chembe ndogo zinavyoelea chumbani, ujuzi ambao haukuwa na nafasi ya kutosha katika kamati zilizotawaliwa na wataalamu wa kudhibiti maambukizi hospitalini. Shirika lilieleza waziwazi juu ya hewa ya vyumba vilivyofungwa mwishoni mwa Aprili 2021.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa halikuwa kutojua. Kosa lilikuwa kujibu swali la mwanasayansi pale palipotakiwa jibu la mwamuzi. Mwanasayansi huuliza kama jambo limethibitika, na ni wajibu wake kuwa mgumu wa kuridhika, kwa kuwa anayeridhika upesi hujaza vitabu uongo. Mwamuzi anatakiwa kuuliza mambo mengine: tukidhani ni kweli na kumbe si kweli, tutapoteza nini, tukidhani si kweli na kumbe ni kweli, tutapoteza nini, na je, tutaweza kurudi nyuma? Kufungua dirisha hakukuhitaji uthibitisho wa kiwango kilekile ambacho mwanasayansi angekidai kabla ya kuandika katika jarida, kwa sababu gharama ya kufungua dirisha bure ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kulifunga kimakosa.

Kuhusu barakoa kulikuwa na jambo jingine, nalo linanisikitisha zaidi. Barakoa za hospitali zilikuwa haba, na wakuu wa afya katika nchi kadhaa walihofu kwamba umma ungezinunua zote na kuwaacha wahudumu wa afya bila kinga. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Ilitosha kusema: ni chache, waachieni wauguzi. Badala yake ilichanganywa na dai kwamba barakoa hazimfai mtu wa kawaida, na msikilizaji mwenye akili aliuliza mara moja inakuwaje zimfae muuguzi zisimfae yeye. Sababu ya uhaba ilipovishwa vazi la sayansi, sayansi ndiyo iliyolipa.

SWALI: Mhariri, salamu. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi kama wataalamu wana shaka, si heri wachukue tahadhari kubwa kupita kiasi kuliko kuchelewa? Anayekosea upande wa tahadhari anamdhuru nani?

JIBU: Anaweza kuwadhuru wengi, na madhara yake huwa ni vigumu kuyaona kwa sababu hayana jeneza lenye jina la aliyetoa ushauri. Nitaanza na mfano ulio wazi. Mwezi Februari 1976 askari mmoja kijana alifariki katika kambi ya Fort Dix, Marekani, kwa kirusi cha mafua ya nguruwe kilichodhaniwa kuwa na undugu na kile cha janga la mafua la mwaka 1918. Tarehe 24 Machi Rais Gerald Ford alitangaza kwamba taifa zima litachanjwa. Majira ya baridi ya kusini mwa dunia yalipita bila ugonjwa huo kuonekana popote, na hata Albert Sabin, mtengenezaji wa chanjo ya polio aliyekuwa ameunga mkono mpango huo, akashauri chanjo itengenezwe na kuwekwa akiba. Hakusikilizwa. Uchanjaji ulianza Oktoba na ukasimamishwa tarehe 16 Desemba, zaidi ya watu milioni 40 wakiwa wamekwisha chanjwa, baada ya kuonekana ongezeko la ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoshambulia neva na kupoozesha misuli, la takriban mtu mmoja zaidi katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Janga lenyewe halikuja.

Sidhani kwamba kutengeneza chanjo ile lilikuwa kosa. Kosa, na hili lilielezwa vizuri na Richard Neustadt na Harvey Fineberg walioagizwa na serikali kuchunguza suala hilo, lilikuwa kufunga maamuzi mawili katika fundo moja. Kutengeneza chanjo kulitakiwa kuanza upesi; kuichoma mikononi mwa watu kungeweza kusubiri dalili kwamba kirusi kinatembea. Hakuna aliyeulizwa mapema ni taarifa gani itakayotufanya tusimame. Anayeanza safari bila kukubaliana na wenzake mahali pa kugeuzia hujikuta akiona aibu kugeuka.

Mifano mingine ni ya kimyakimya. Kwa miongo kadhaa wazazi wa Ulaya na Marekani walishauriwa kuwalaza watoto wachanga kifudifudi. Ushauri ulikuwa na sababu nzuri masikioni: mtoto aliyelala chali akitapika atapaliwa. Tena watoto njiti waliolazwa kifudifudi hospitalini, chini ya uangalizi, walionekana kupumua vizuri zaidi, na matokeo hayo yakabebwa kutoka wodini hadi majumbani, kwa watoto wa aina nyingine na wasio na mwangalizi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikusanya tafiti zote za zamani na kuonyesha kwamba kufikia mwaka 1970 takwimu zilizokuwapo, kama mtu angezijumlisha, zingetosha kuonyesha kwamba kulala kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Kampeni ya kuwalaza chali ilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994. Watafiti hao walikadiria kwamba vifo zaidi ya 10,000 nchini Uingereza, na angalau 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand kwa pamoja, vingeweza kuepukwa. Hapa ushahidi haukuwa umekosekana. Ulikuwa umetawanyika, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuokota.

Vivyo hivyo kwa mzio wa karanga. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto mwenye asili ya mzio katika familia asipewe karanga hadi atimize miaka 3. Ushauri haukuwa na uthibitisho, ulionekana tu kuwa salama zaidi. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa, na katika mwaka huohuo ikaonekana kwamba watoto wa Kiyahudi waliokulia Uingereza walikuwa na mzio wa karanga takriban mara kumi kuliko wenzao wa Israeli, ambako watoto huanza kula karanga mapema. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lililowagawa watoto 640 kwa bahati nasibu, lilionyesha kwamba kula karanga mapema kunapunguza mzio huo kwa takriban asilimia 80. Tahadhari iliyotolewa bila ushahidi yaelekea ilichangia kuukuza ugonjwa iliokusudiwa kuuzuia.

Hata tahadhari iliyo sahihi mahali pamoja inaweza kuua mahali pengine. Ilipojulikana kwamba VVU hupita katika maziwa ya mama, nchi tajiri ziliwashauri akina mama wenye virusi wawape watoto maziwa ya kopo, na huko ushauri ulifaa. Botswana ilitoa maziwa hayo bure. Mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, ulizuka mlipuko wa kuhara, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walioathirika vibaya walikuwa hasa watoto wasionyonya. Hatari moja ilihesabiwa kwa makini, ile ya virusi. Ya pili, ya kumnyima mtoto kinga ya maziwa ya mama mahali ambapo maji yanaweza kuchafuka, haikuwekwa katika mizani kwa uzito wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulielekea kwenye kunyonyesha huku dawa za kupunguza makali ya virusi zikitumika.

SWALI: Je, si wanasiasa ndio wanaopotosha? Wataalamu husema kwa uangalifu, lakini viongozi hutaka jibu la ndiyo au hapana.

JIBU: Wanasiasa wana sehemu yao, lakini wataalamu hushiriki kuliko wanavyokiri. Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa swali hili ni wa kichaa cha ng'ombe nchini Uingereza. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1986, na kamati iliyoongozwa na Sir Richard Southwood ikatoa ripoti mwaka 1989. Ililinganisha ugonjwa huo na skrepi, ugonjwa wa kondoo uliojulikana kwa zaidi ya miaka 200 bila kumdhuru mlaji, na ikahitimisha kwamba kuna uwezekano mdogo sana wa kumdhuru binadamu. Lakini iliongeza jambo zito: kwamba kama makadirio hayo si sahihi, matokeo yatakuwa mabaya sana.

Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ilinukuliwa kwa miaka saba. Ya pili ilidondoka. Mwaka 1990 waziri wa kilimo alikula baga ya nyama ya ng'ombe mbele ya kamera akiwa na binti yake mdogo, na tarehe 20 Machi 1996 serikali ikatangaza bungeni kwamba vijana waliokuwa wakifa kwa aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo, yaelekea waliupata kwa nyama. Uingereza imepoteza zaidi ya watu 170 kwa ugonjwa huo. Uchunguzi wa jaji Lord Phillips kuhusu suala hilo, uliotoa ripoti mwaka 2000, haukuikuta serikali na hatia ya uongo. Uliwakuta watu walioamini kwa dhati kwamba hatari ni ndogo, na waliojishughulisha mno na kuuzuia umma usitaharuki.

Hofu hiyo ya taharuki ndiyo ninayoilaumu. Mtaalamu huanza kwa kusema "tunadhani, kwa kadiri ya ushahidi uliopo". Mshauri wa waziri huandika "wataalamu wanaamini". Waziri husema "ni salama". Kila mmoja ameondoa neno moja tu, akidhani anawasaidia watu waelewe. Mtaalamu anayeiona kauli yake imevuliwa shaka hunyamaza, kwa kuwa kumsahihisha waziri hadharani kuna gharama, na kwa kuwa yeye mwenyewe huona shaka hiyo ni jambo la kitaaluma lisilowahusu wengine. Linawahusu kuliko sentensi yote. Mama anayeamua kama mwanawe ale nyama hiyo anastahili kujua kwamba walioipitisha walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni wa nini.

SWALI: Nimesoma katika safu hii kwamba kuharakisha kunadhuru na kuchelewa kunadhuru. Sasa mwamuzi afanye nini, akae tu?

JIBU: Kukaa nako ni uamuzi, ingawa wengi hawauhesabu hivyo. Chukua chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, ambavyo huwaharisha watoto, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuondolewa mwaka 1999, baada ya kubainika kwamba takriban mtoto mmoja katika 10,000 waliochanjwa alipata tatizo la utumbo kuingia ndani ya sehemu yake nyingine. Kwa Marekani, ambako virusi hivyo viliua watoto wachache kwa mwaka, kuiondoa kulikuwa na mantiki. Katika nchi maskini virusi hivyohivyo vilikuwa vikiua watoto laki kadhaa kila mwaka, na huko mizani ingelalia upande wa chanjo. Lakini hakuna waziri aliyetaka kuonekana akiwapa watoto wake kitu kilichokataliwa na nchi tajiri. Chanjo mpya zilifika mwaka 2006, na zikapendekezwa kwa nchi zote mwaka 2009. Mtoto aliyedhuriwa na chanjo hujulikana kwa jina na mzazi wake huweza kushtaki; aliyekufa kwa kuikosa huandikwa tu kwamba alikufa kwa kuhara. Mwamuzi yeyote anayeogopa lawama ataegemea upande usio na majina.

Njia iliyonipa matumaini ni ya kutenda huku ukijifunza. Mwezi Machi 2020 madaktari kote duniani walikuwa wakiwapa wagonjwa wa UVIKO-19 dawa za kubahatisha. Marekani iliidhinisha haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa dharura tarehe 28 Machi. Uingereza, kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oxford, iliwagawa wagonjwa wa hospitali kwa bahati nasibu ili kila tiba ipimwe. Tarehe 5 Juni watafiti walitangaza kwamba haidroksiklorokwini haisaidii wagonjwa waliolazwa, na tarehe 16 Juni kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na rahisi, inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Wagonjwa wote wale walikuwa wanatibiwa vyovyote iwavyo. Tofauti ni kwamba hapa mtu alikuwa anahesabu.

Uingereza hiyohiyo ilitoa mfano wa pili tarehe 30 Desemba 2020, ilipoamua kwamba dozi ya pili ya chanjo ichelewe hadi wiki 12 ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza. Majaribio ya chanjo ya Pfizer yalikuwa yametumia wiki 3, na upinzani ulikuwa mkali. Washauri wa serikali walichapisha sababu zao, wakakiri walichokuwa wakikikadiria, na takwimu za maambukizi na za waliolazwa zikaendelea kufuatiliwa. Kirusi cha aina ya Delta kilipoanza kuenea mwezi Mei 2021, na wasiwasi kwamba dozi moja haitoshi ukazidi, serikali ilizishusha wiki hizo kutoka 12 hadi 8 kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi.